Kuzidisha Kasi ya Kompyuta ya Michezo: Istilahi, Faida na Hatari

Mfasiri anayekutana na neno la Kiingereza overclocking katika mwongozo wa kompyuta ya michezo ana maneno kadhaa ya Kiswahili ya kuchagua: kuongeza kasi, kuharakisha, kuchapua, kuzidisha kasi. Yote yanagusa jambo lenyewe, lakini hayabebi onyo lilelile. Msomaji wa tafsiri hiyo huenda akaifuata kwenye mashine yake, na neno lililochaguliwa ndilo litakalomwambia kama anafanya jambo la kawaida au anavuka mpaka. Makala haya yanaeleza maana ya istilahi hiyo, yanapambanua maneno yanayohitajika katika kupima faida na hatari zake, na yanaonyesha jinsi vipimo vinavyobadilika mwongozo ulioandikwa katika nchi ya baridi unaposomwa Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Maana ya istilahi

Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo cha fuwele kinachotetema kwa mpigo usiobadilika. Mpigo huo huitwa saa ya mashine, ingawa haukusudiwi kumwonyesha mtu dakika wala saa za siku. Prosesa, ambayo katika maandishi rasmi huitwa pia kichakataji, hupiga hatua zake kwa kuufuata mpigo huo, mfano wa wachezaji wanaofuata ngoma. Kipimo chake ni hezi: gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde.

Kasi ya prosesa hupatikana kwa hesabu ya kuzidisha. Katika kompyuta nyingi za leo mpigo wa msingi ni megahezi 100, nao huzidishwa kwa namba iitwayo kizidisho. Kizidisho kikiwa 45, kasi huwa megahezi 4,500, yaani gigahezi 4.5. Mtumiaji akiingia katika mipangilio ya ubao mama na kukipandisha kizidisho hadi 48 kinyume na kipimo cha mtengenezaji, ameizidisha kasi ya prosesa. Kadi ya michoro na kumbukumbu ya mashine nazo huweza kuzidishwa kasi kwa njia zinazofanana na hiyo.

Jambo hili linawezekana kwa sababu mtengenezaji hauzi prosesa kwa ukomo wake wa mwisho. Prosesa mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazilingani kabisa: moja huvumilia kasi kubwa kuliko nyingine. Ili zote zifanye kazi bila kosa, kipimo rasmi huwekwa chini ya ukomo, na nafasi hubaki baina ya viwili hivyo. Neno la Kiswahili linaloifaa nafasi hiyo ni akiba. Kuzidisha kasi ni kuila akiba hiyo, na maswali yote ya faida na hatari hurudi katika swali moja: akiba iliyobaki ni kiasi gani, na nini kingine kinaila?

Ongeza na zidisha

Tofauti ya maneno haya mawili huonekana vizuri jikoni. Anayesema "mpishi ameongeza chumvi" ametaja tendo tu. Huenda chumvi sasa imetosha. Anayesema "mpishi amezidisha chumvi" amelalamika: kipimo kimepitwa. Vivyo hivyo, kuongeza kasi ni tendo lisilo na hukumu. Prosesa za kisasa huongeza kasi zenyewe kazi inapokuwa nzito, kisha huipunguza kazi inapokwisha, na hayo yote huwa ndani ya vipimo vya mtengenezaji. Mfasiri akitumia "kuongeza kasi" kwa mambo yote mawili, msomaji hatajua lipi limeruhusiwa na lipi limevuka mpaka.

Kuzidisha lina sifa nyingine inayolifanya lifae. Katika hisabati, zidisha ni tendo la kupata idadi kwa kurudia namba mara kadhaa, na ndivyo kasi ya prosesa inavyopatikana. Neno moja hivyo linataja njia na pia linatoa onyo. Kuharakisha, kwa upande wake, huelekea zaidi kwenye shughuli: huharakishwa kazi, safari au malipo, wala si kipimo cha kifaa. Kuchapua lina ladha nzuri, kama katika "kuchapua mwendo", lakini halionyeshi kwamba kuna mpaka uliovukwa. Kwa sababu hizo, makala haya yanatumia kuzidisha kasi kwa tendo la mtumiaji, na kuongeza kasi kwa linalofanywa na prosesa yenyewe.

Faida na manufaa

Faida ya kuzidisha kasi huhesabika. Katika mchezo wa kompyuta, picha huchorwa upya mara nyingi kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Mashine inayotoa fremu 60 kwa sekunde hutumia takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Ikiongezewa asilimia 10, hutoa fremu 66, na kila moja huchukua takriban milisekunde 15.2. Faida ni fremu sita, au milisekunde moja na nusu.

Manufaa ni suala jingine. Faida ni kile kilichoongezeka, na manufaa ni namna kilivyomsaidia mtu. Skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde haiwezi kuonyesha fremu 66. Hapo faida ipo lakini manufaa yake ni haba. Aidha, katika michezo yenye picha nzito, kadi ya michoro ndiyo inayochelewesha kazi, nayo prosesa hukaa ikiisubiri. Kuzidisha kasi ya prosesa katika hali hiyo ni sawa na kuongeza wapakiaji wa magunia ilhali lori ni lilelile moja. Manufaa huonekana pale prosesa yenyewe inapokuwa kikwazo, kwa mfano katika michezo ya mikakati yenye mamia ya askari wanaosogea kwa pamoja, na skrini inapoweza kuonyesha kilichoongezeka.

Ni haki kukiri pia kwamba zamani faida ilikuwa kubwa kuliko leo. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya Celeron 300A, iliyouzwa kwa kasi ya megahezi 300. Kizidisho chake kilikuwa 4.5 na mpigo wa msingi ulikuwa megahezi 66. Wapenzi wengi wa kompyuta waliupandisha mpigo huo hadi megahezi 100, na prosesa ikafikia megahezi 450, ambayo ni nyongeza ya nusu nzima kwa bei ileile. Akiba iliyoachwa na mtengenezaji ilikuwa nono. Siku hizi watengenezaji wenyewe wameitumia sehemu kubwa ya akiba hiyo kwa kuzifanya prosesa zijiongezee kasi, na kinachombakia mtumiaji mara nyingi ni asilimia chache tu.

Tukio la mwaka 2024 lilionyesha jinsi mpaka ulivyokaribiwa. Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipokea volteji iliyozidi, zikachakaa na kupoteza uthabiti. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa na kurefusha dhamana kwa miaka miwili. Wenye mashine hizo hawakuhitaji kuzidisha chochote ili kupatwa na tatizo hilo. Ikiwa akiba inaweza kwisha mikononi mwa mtengenezaji, mtumiaji ana sababu ya kuuliza kabla hajaichota.

Hatari, hasara, madhara na athari

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huyatumia maneno haya manne kana kwamba ni moja. Katika mada hii, kila moja lina mahali pake.

Athari ni matokeo ya tendo, yawe mema au mabaya. Joto kupanda ni athari ya kuzidisha kasi, na fremu kuongezeka pia ni athari.

Hatari ni jambo baya linaloweza kutokea lakini bado halijatokea. Mashine iliyozidishwa kasi imo katika hatari ya kuganda. Katika lugha ya ofisi za Tanzania limeenea pia neno kihatarishi, kwa maana ya jambo linaloleta uwezekano huo, kama katika "usimamizi wa vihatarishi". Feni iliyoziba kwa vumbi ni kihatarishi. Prosesa kupata joto kupita kiasi ni hatari.

Madhara ni ubaya uliokwisha kukipata kitu au mtu. Volteji ikiwa juu pamoja na joto kwa muda mrefu, mkondo wa umeme husogeza polepole atomi za metali katika nyaya ndogo mno za prosesa. Nyaya hizo hudhoofika, na kasi iliyokuwa ikivumilika mwaka jana haivumiliki tena. Hayo ni madhara, na hayarudishwi nyuma kwa kurejesha mipangilio ya awali.

Hasara ni kile kinachompungukia mwenye mali: fedha, muda, kazi iliyopotea. Kitu kimoja kinaweza kupata madhara yanayolingana popote duniani, ilhali hasara ikatofautiana. AMD, kwa mfano, hutamka kwamba dhamana yake haifidii uharibifu unaotokana na kuiendesha prosesa nje ya vipimo vyake. Kwa mtu aliye karibu na maduka ya vipuri, ubao mama ulioharibika ni gharama ya ubao. Kwa mkazi wa Kyela, ambaye kipuri huenda kikatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara hadi Mbeya na kisha kuteremka hadi ziwani, hasara huongezewa usafirishaji na siku za kusubiri.

Jozi nyingine inayohitaji uangalifu ni kuungua na kuchakaa. Kwa mazungumzo ya kawaida, kompyuta yoyote isiyowaka "imeungua". Kwa kweli prosesa za leo huungua kwa nadra, kwa kuwa hujilinda: zikikaribia ukomo wa joto, hupunguza kasi zenyewe, na hali ikizidi kuwa mbaya huzima. Kinachotokea zaidi ni kuchakaa kabla ya wakati, au kukosa uthabiti: mchezo hukatika, mashine huganda, faili huandikwa kimakosa. Mwongozo unaotisha kwa moto peke yake humfanya msomaji aone kwamba, kwa kuwa hakuna moshi, hakuna dhara.

Kipimo kinapohama mahali

Miongozo mingi ya kuzidisha kasi husema vipimo vilichukuliwa katika joto la chumba. Mfasiri anayeandika "joto la kawaida la chumba" ametafsiri maneno sawasawa, lakini amempoteza msomaji. Kwa mwandishi aliyeko Uingereza, chumba cha kawaida kina nyuzi 21 hivi za selsiasi. Wilaya ya Kyela iko kwenye uwanda wa chini kando ya Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Jiji la Mbeya, katika mkoa huohuo, liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na lina baridi ya kutosha kuvaa sweta mwezi wa Juni. Anayeteremka kutoka huko kupitia Tukuyu huhisi hewa ikibadilika kuwa nzito na yenye joto kabla hajaiona migomba na mashamba ya mpunga na kakao ya Kyela. Mwezi wa Novemba, alasiri, chumba chenye paa la bati lisilo na dari kinaweza kufika nyuzi 32 au zaidi bila mtu yeyote kuona ajabu.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu feni haiwezi kuipoza prosesa kupita joto la hewa inayovutwa. Feni huhamisha joto tu; prosesa hukaa juu ya joto la chumba kwa kiasi kinachotegemea umeme inaoutumia. Umeme huo hukua sambamba na kasi, na hukua kwa kipeo cha pili cha volteji. Mtu akipandisha kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, umeme haupandi kwa asilimia 10 wala 20, bali kwa takriban asilimia 33, kwa kuwa 1.1 × 1.1 × 1.1 ni 1.331.

Hesabu ya mfano itaonyesha matokeo. Ichukuliwe prosesa ambayo kwa vipimo vya kiwandani hukaa nyuzi 50 juu ya joto la chumba, na ambayo hupunguza kasi yenyewe ikifika nyuzi 95. Katika chumba cha nyuzi 21 itakuwa na nyuzi 71; katika chumba cha nyuzi 32 itakuwa na 82. Kote kuwili iko salama. Ikizidishwa kasi na volteji kwa namna iliyotajwa, hupanda nyuzi 67 hivi juu ya joto la chumba. Katika chumba cha kwanza itafika 88, na mwandishi wa mwongozo ataripoti mafanikio. Katika chumba cha pili ingefika 99, lakini haitafika, kwa sababu itapunguza kasi kabla ya hapo. Mchezaji wa Kyela atakuwa ametumia umeme zaidi, amevumilia feni zinazovuma zaidi, na mchezo wake utakwamakwama kasi inaposhuka na kupanda. Joto la mahali limekwisha kuila akiba ambayo mwongozo uliahidi kwamba ipo.

Kwa hiyo tafsiri inayofaa itataja namba. "Vipimo hivi vilichukuliwa katika chumba chenye nyuzi 21" ni sentensi inayomwezesha msomaji wa Kyela, Mombasa au Muscat kujifanyia hesabu. "Joto la kawaida" humnyima nafasi hiyo.

Vihatarishi vya mahali haviishii kwenye joto. Vumbi la pumba karibu na mashine za kukoboa mpunga huziba vichujio vya feni. Kando ya ziwa, makundi ya inzi wadogo huinuka juu ya maji katika vipindi fulani mithili ya moshi, na upepo huweza kuyapeleka hadi makazini. Kompyuta iliyo wazi ubavuni, jambo linalopendwa na wanaozidisha kasi, huyapokea yote hayo.

Kuna pia umeme wenyewe. Mahali ambapo umeme hukatika au volteji yake huyumba, kupima uthabiti kunakuwa kugumu. Mashine iliyozidishwa kasi hupimwa kwa kuipa kazi nzito kwa saa kadhaa na kutazama kama itakosea. Ikizima katikati ya jaribio, mwenyewe hajui kama prosesa imeshindwa au umeme umetetereka. Betri ya akiba ya kompyuta huondoa shaka hiyo. Bila betri hiyo, lugha ya maelezo iwe makini: kuganda ni picha kusimama huku mashine ikiwaka, kuzima ni kila kitu kukatika, kujiwasha upya ni kuzima na kuanza tena bila kuguswa. Fundi anayeambiwa tu kwamba "kompyuta imegoma" ameambiwa kidogo mno.

Njia ya kinyume

Mjadala wa faida na hatari mara nyingi husahau kwamba kipimo kinaweza kurekebishwa kuelekea chini pia. Kushusha volteji ni kuiacha kasi ilivyo na kupunguza volteji kidogokidogo mpaka pale uthabiti unapoanza kutetereka, kisha kurudi hatua moja au mbili. Kwa kuwa umeme hufuata kipeo cha pili cha volteji, punguzo dogo huleta nafuu kubwa ya joto: volteji ikishuka kwa asilimia 5, umeme hushuka kwa karibu asilimia 10. Prosesa isiyobanwa na joto huweza kudumu katika kasi yake ya juu muda mrefu zaidi, na mchezo ukaenda vizuri kuliko kwa mashine iliyozidishwa kasi lakini ikawa inajipunguza kila dakika. Njia hii nayo huhitaji kupimwa, kwani volteji ikishushwa mno mashine huganda. Ila haichakazi prosesa kama volteji iliyozidi.

Katika joto la ufuko wa ziwa, hatua ya kwanza yenye manufaa huwa ni kusafisha feni, kupaka upya mafuta mazito ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipoozaji, na kuipa mashine hewa. Hatua ya pili ni kushusha volteji. Kuzidisha kasi huja baada ya hapo, kwa aliyekwisha kupima na kuona kwamba akiba imebaki, kwamba prosesa ndiyo inayomchelewesha, na kwamba mashine hiyo siyo ile inayobeba pia kazi za shule au hesabu za duka.

Matumizi yanayopendekezwa

*Kuongeza kasi*: Prosesa huongeza kasi yenyewe kazi inapokuwa nzito.

*Kuzidisha kasi*: Ameizidisha kasi ya prosesa kutoka gigahezi 4.5 hadi 4.8. Nomino: uzidishaji kasi. Kivumishi huundwa kwa kishazi: prosesa iliyozidishwa kasi.

*Akiba*: Katika chumba chenye nyuzi 32, akiba iliyobaki ni ndogo.

*Uthabiti*: Mashine imepoteza uthabiti baada ya volteji kushushwa mno.

*Kihatarishi*: Kichujio kilichoziba ni kihatarishi kinachoondolewa kwa dakika kumi za usafi.

*Hatari*: Kuna hatari ya faili kuharibika.

*Madhara*: Volteji iliyozidi imeipa prosesa madhara ya kudumu.

*Hasara*: Amepata hasara ya ubao mama na wiki mbili za kazi.

*Kupima*: Hutumika kwa joto na kwa uamuzi pia. Alipima joto la prosesa, akapima faida na hatari, akaamua kuiacha kama ilivyo.

Methali mbili hukutana katika mada hii. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka: hili ni onyo kwa anayetaka mpigo wa kasi bila kujali kipimo. Akiba haiozi: huu ni ushauri unaofaa zaidi kwa aliyeko Kyela, kwa maana akiba anayoiacha ndani ya prosesa yake haipotei bure. Itatumika mwezi wa Novemba, jua linapolipiga bati na feni ikavuma, mashine ikaendelea na kazi bila kukwama.